Bunduki ya Upepo Mikononi mwa Mtani

Watu husema ukizeeka hasira zinapungua. Zangu hazikupungua, zilikaa mahali pamoja zikanenepa. Nataka niandike habari za bunduki yangu ya upepo na mtu aliyeichukua. Shule sikusoma sana, niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikitoka njiani mnivumilie, nitarudi.

Bunduki ilitoka kwenye mgodi wa almasi. Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko, mzungu wa kula mayai mabichi mabichi, jambo ambalo baba alilisimulia kwa mshangao mpaka anazikwa. Siku mzungu anafunga mizigo kurudi kwao, mwanawe alikuwa ameshakua, haitaki tena bunduki ile, basi baba akapewa pamoja na sufuria na kabati lisilofunga mlango. Kabati lile ninalo mpaka leo na bado halifungi. Akaja nayo kwa baiskeli, imefungwa kwenye gunia, mpaka kwetu upande wa Mhunze. Mama alipoiona akasema kitu hicho kilale kwenye zizi la ng'ombe. Kililala zizini, na mimi nikalala huko nacho.

Haikuwa bunduki ya kuua mtu. Unaikunja katikati, mtutu unashuka, unasikia springi ndani inajikaza kama mtu anayezuia kikohozi. Unapachika kirisasi kidogo chenye kiuno kama nyigu, unairudisha, unapiga. Nguvu za kuikunja sikuwa nazo. Niliweka kitako chake tumboni, mtutu nikaushika kwa mikono miwili na kuvuta mpaka tumbo linabaki na alama nyekundu. Alama hiyo niliwaonyesha watu kwa majivuno kuliko chale za mganga. Ilinuka mafuta na chuma. Nikiinusa usingizi unakuja.

Baba alinipa sheria moja tu: usiikunje ukaiachia tupu. Upepo ukikosa risasi ya kusukuma unageuka kuipiga springi, na springi ikikatika hakuna fundi wa Shinyanga nzima wa kuiweka nyingine. Sheria hiyo niliishika kama kipaimara.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege kwenye mtama. Kwelea kwelea wanakuja kama moshi, wanatua, shamba linageuka rangi. Wenzangu walikuwa na kombeo na madebe ya kugonga, mimi nimekaa juu ya ulingo na bunduki. Kusema ukweli haikusaidia kitu. Unampiga mmoja, wengine wote wanaendelea kula, hata hawageuki kumtazama marehemu. Mama akaniambia afadhali nipige kelele. Lakini wavulana walikuwa wanatoka mashamba ya mbali kuja kukaa chini ya ulingo wangu, wananiletea michembe, viazi vilivyokaushwa, ili tu waishike bunduki kidogo. Risasi zilipokwisha nikachukua udongo wa kichuguu, nikaufinyanga vijiduara, nikauanika juu ya paa. Udongo ule ukikauka unatoboa jani la mbuyu. Mtoto wa mpishi, wa mwisho kuzaliwa, lakini msimu ule ukiuliza mwenye mji ni nani, watoto wangekuonyesha mimi.

Ndipo guku, babu yangu mzaa baba, akafariki.

Sasa Wasukuma na Wazaramo ni watani, hilo halihitaji maelezo. Mjini Shinyanga kulikuwa na fundi cherehani Mzaramo, mwembamba, mwenye sauti kubwa, aliyekaa kwenye baraza la duka la nguo. Kila msiba wa Wasukuma alikuwepo. Hata wa guku akaja, kapanda lori la pamba. Alipofika tu akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu mpaka mbwa wetu akamfuata. Halafu akaingia kaburini, akalala, akasema limechimbwa fupi, Msukuma ana miguu mirefu ya kukimbiza ng'ombe, mtamkunja kama jembe. Mama alikuwa analia na kucheka pamoja. Hata mimi nilicheka. Hilo linaniuma, kwamba nilicheka.

Alipotoka kaburini akaniona nimesimama na bunduki mgongoni. Guku alikuwa anaipenda, nikaona nimsindikize nayo. Mzaramo akanivua kamba begani taratibu kama anavyompima mtu kanzu.

"Huyu amekamatwa," akawatangazia watu, bunduki ameiinua juu. "Ni mfungwa wangu. Anayemtaka aje amkomboe."

Watu wakacheka mno. Nikamrukia mguuni, nikataka kumng'ata. Baba akanivuta pembeni kwa sikio. Aliniambia kwa sauti ya chini, na aliniambia mara moja tu: "Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa."

Kwa hiyo nililia bila kukasirika. Jaribuni nyie.

Wiki iliyofuata baba akaenda mjini na jogoo mkubwa, kama ilivyo desturi, kumkomboa mfungwa. Mzaramo akampokea jogoo, akamchinja, akamla, akasema jogoo amekomboa kofia, mfungwa bado. Baba akacheka, akarudi. Akaenda tena na kibuyu cha samli. Mzaramo akasema samli ni nzuri lakini mfungwa huyu ni mkubwa, anahitaji maziwa ya dume. Mara ya tatu akataka pembe ya punda. Baba akaona hapo mtani anatania kweli kweli, akaacha. Mimi sikuacha.

Bunduki aliitundika ukutani nyuma ya cherehani, juu, mahali pasipofikika, kwenye misumari. Katikati aliivisha kipande cha kitambaa cha khaki, amekishona vizuri na vifungo, anasema mfungwa lazima awe na sare. Kila nilipotumwa mjini ilinibidi nipite pale. Na kila nikipita aliacha kukanyaga cherehani ili nisikose kumsikia.

"Mtani, mfungwa anakusalimia. Anakula vizuri, usiwe na wasiwasi."

Siku moja nikajishusha. Nikampa shikamoo, nikamwambia sitaki kuichukua, nataka kuipiga mara moja tu, hapo hapo mbele yake, kwenye kopo. Aliinamisha kichwa kwenye nguo aliyokuwa anashona, akasema mfungwa hafanyi kazi za nje. Wateja wakacheka. Nikajiapia siku ile kwamba mtu huyu nitamlipa kwa utani wake mwenyewe, na kwamba nitamwona amekasirika kabla sijafa au kabla hajafa yeye.

Mambo ya shule nayo yakaishia hapo hapo, ingawa sababu kubwa ilikuwa hesabu za mafungu, si Mzaramo. Nikachunga, nikalima pamba, baadaye habari za dhahabu zilipopamba moto nikaenda upande wa Geita kama wengine. Nimeshuka maduara mengi, hayo mashimo ya wachimbaji wadogo, kwa kamba na mwenge. Chini kule kila mtu ana kitu anachokifikiria anapogonga mwamba. Wengine walifikiria mabati ya nyumba, wengine mke wa pili. Mimi nilikuwa nauona upara wa fundi cherehani. Wenzangu walisema nachimba vizuri kuliko wao, hawakujua ninachimba nini.

Na kulipiza nililipiza. Alipomtahiri mtoto wake wa kwanza nilisafiri mpaka kwake, nikalikalia sufuria la pilau, nikasema hali mtu hapa. Yeye akaniletea mto nikalie, kwamba mfuniko ni mgumu. Alipomwoza binti yake nikaiba kanzu ya bwana harusi asubuhi ile. Akanipigia makofi mbele ya wageni, akakaa kwenye cherehani akashona nyingine kabla chai haijapoa. Nikafuga mbwa nikamwita Mtani. Habari zikamfikia, akamtuma mtu aniletee mfupa wa ng'ombe umefungwa kwenye karatasi, salamu kwa ndugu yake. Hata mara moja hakukunja uso. Nimewahi kugombana na watu wenye mapanga, nikaapiwa kulogwa na mama mkwe, lakini hakuna adui mbaya kama anayekufurahia.

Alizeeka, akahamia Kahama kwa watoto wake, miaka ile watu wengi walipohamia Kahama kwa ajili ya mgodi wa Buzwagi. Bunduki akahama nayo. Mimi dhahabu ilikuwa imeshanifikisha Bulyanhulu, nikabaki huko, nina kibanda changu, mapafu yangu hayanitaki tena chini ya ardhi. Mwaka huu, baada ya mavuno, kijana wa kwetu anayeuza nguo Kahama akanipigia simu asubuhi. Akasema yule mtani wako ametutoka alfajiri, wanazika leo baada ya adhuhuri.

Mtu mwingine angekaa kidogo atafakari. Mimi nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Waislamu hawachelewi kuzika, na akishaingia ardhini bunduki yangu imekwenda, na mimi nimeshindwa moja kwa moja. Nikakodi bodaboda, nikamwambia kijana akimbize. Vumbi lote la barabara ile likaingia kinywani mwangu.

"Babu," akaniuliza njiani, "unawahi msiba au ugomvi?"

"Vyote viwili. Kanyaga."

Nilifika jeneza limeinuliwa, linatoka mlangoni. Nikashuka, nikajilaza kwenye kizingiti, chali, na koti langu la misa. Wazee waliojua wakaanza kutabasamu, wakasema aah, Msukuma wake amefika, shusheni. Nikasema hapiti mtu hapa. Kuna mfungwa wangu ndani ya nyumba hii, atoke yeye kwanza, ndipo atoke aliyemfunga. Wakaniletea mbuzi, nikakataa. Wakaniletea mkeka na cherehani kuukuu la marehemu, nikakataa. Mwanawe wa mwisho, kijana wa Dar es Salaam, utani haujui, alikuja akanisimamia kichwani, machozi yanamtoka.

"Mzee, baba yangu amekufa. Wewe unadai bunduki ya kitoto?"

Amekasirika. Uso ule ule wa baba yake, na hasira niliyoitafuta maisha yangu yote. Lakini ilikuwa kwa mtu mwingine, haikuwa na ladha yoyote. Nikamwambia ndiyo, naidai.

Ndipo nikaambiwa mjane ananiita. Alikuwa ameshaingia eda, kwa hiyo nilisimama ukumbini na yeye akakaa nyuma ya pazia, nikaona tu ncha za vidole vyake sakafuni. Akanipa pole ya safari. Nikampa pole ya msiba, na niliisema ilivyo, kwa sababu yeye hakunikosea.

"Shemeji," akasema, "kitu chako hiki hapa. Alikataza usipewe."

Akaisukuma chini ya pazia. Ile sare ya khaki bado iko, imefubaa, vifungo vimeshika kutu. Nikaifungua. Mtutu ukaanguka wenyewe, ukaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nikaukunja, hakuna kinachojikaza ndani. Nikajaribu tena.

"Imevunjika lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa ile ile aliyotoka nayo kwenu. Kunguru alichukua nyama uani, mume wangu akaikunja bunduki amtishe, akaiachia haina kitu ndani. Ikalia tak, basi. Aliona aibu. Alisema baba yako akija nitamwambia. Baba yako akaja na jogoo, yeye akashindwa kusema. Kila ukipita pale barazani, usiku hakuwa analala vizuri."

Akaeleza na mengine. Kwamba aliogopa kuipeleka kwa fundi baiskeli, watu wasije wakasema Mzaramo amemharibia mjukuu wa marehemu kitu chake. Kwamba kitambaa alikishona usiku ule ule kuifunika. Kwamba maziwa ya dume na pembe ya punda alivitaja makusudi, ili mtu asije akavileta. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikatoka nje na bunduki imening'inia kwapani.

Mnataka niseme moyo ulilainika. Kwanza nilifurahi. Kumbe miaka yote ile aliyokuwa anacheka, alicheka huku anaficha aibu yake, na kila sufuria nililokalia, na kila kanzu niliyoiba, ilimfikia pale pale nilipotaka. Furaha hiyo ilinichukua kutoka ukumbini mpaka uani. Uani ikanigeukia. Mtoto ukimvunjia kitu ukamwambia, atalia siku hiyo, kesho yake atakuwa mtoni anaogelea. Baba angecheka. Mimi ningeufanya mtutu ule fimbo ya kuchungia. Yeye akaona afadhali nizeeke na kinyongo kuliko yeye aone haya mbele ya mtoto kwa dakika moja.

Nikawaambia watu piteni. Nikashika jeneza upande wa kichwa, na mgongo wangu huu, na sikumwachia mtu mpaka makaburini. Wakasema mnaona utani ulivyo mzuri. Walipomaliza kumlaza na mbao zimepangwa, nikasogea ukingoni na bunduki yangu iliyovunjika, nikainama.

"Mtani," nikamwambia, "springi tu? Springi tu, ukashindwa kusema?"

Vijana wakacheka, yule wa Dar es Salaam naye akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi sikuwa nacheka. Nikamnyang'anya mmoja wao koleo, nikaanza kufukia, na walipotaka kunipokea niliwakatalia.