Mwiko wa Kambale

Juzi sokoni Kibiti niliona kambale wamelazwa kwenye beseni, midomo bado inachezacheza, nikageuza njia. Ukoo wetu hauli kambale. Jina na mwiko, vyote tulivirithi kwa baba.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja kule Mohoro, Salumu, muuza mitumba, alikuja kumposa dada Mwanahawa. Mama alimpikia mgeni kambale kwa chungu cha kuazima, maana chetu hakikugusa samaki huyo. Nyumba nzima ilinuka tui na ndimu. Salumu akaisogeza sahani pembeni taratibu. Nilidhani amejua kwamba chungu si chetu.

“Mume wangu, umeanza kudeka mapema hivi?” akamtania bibi, mama yake baba.

“Hapana, bibi. Kambale ni mwiko kwetu, upande wa baba.”

Bibi akaacha kucheka. “Baba yako nani?”

“Sikumjua. Jina ninalotumia ni la babu, mzaa mama. Mama ni Somoe, wa Kipatimu.”

Nilisikia kikombe cha baba kikigonga kisahani, kikagonga tena. Baba hakumtazama mtu. Kwamba aliwahi kuishi Kipatimu kabla ya kumwoa mama, nilikuja kulijua ukubwani. Siku ile niliona tu dada analia, nikamfuata jikoni kumwambia kwamba chakula kilikuwa kizuri.

Dada hakuolewa kamwe. Mwezi uliopita tulipomzika, waliitwa ndugu zake wa damu washuke kaburini kumpokea. Salumu alivua viatu, akashuka wa kwanza.