Gitaa kwenye Ghala la Mahindi

"Sasa huyo unayemgombeza ni nani?"

Baba aliniuliza hivyo siku ya kwanza aliposikia gitaa langu la umeme. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikiwa na hoja za kumbishia kila mtu, lakini hapo nilipunguza sauti tu nikaendelea kupiga.

Nilipiga metali, ile roki nzito yenye kunguruma, na nilitaka kurekodi albamu yangu mwenyewe, palepale nyumbani Tumati. Baba aliniazima ghala, nikatundika magunia matupu ukutani kupunguza mwangwi. Sharti lilikuwa moja: mahindi ya Dirma, tulikokodi shamba mbali na nyumbani, yakishakauka, ghala linarudi kwa mahindi, albamu iwe imeisha au haijaisha.

Dramu ilipigwa na mpigaji wa kwaya ya kanisani, mtu mzima mwenye mke na watoto, mwepesi wa mikono kuliko yeyote niliyemsikia chuoni. Tatizo lilikuwa mlango. Kila mzee aliyepita alivutwa na kelele, akafungua achungulie. Mpiga dramu aliweka fimbo chini, akasimama, akamwamkia. Mzee naye akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Asubuhi moja wimbo mmoja ulikatika mara nne, na mara ya nne ni mzee yuleyule wa kwanza, amerudi na mwenzake aje aone.

Nikamwambia mpiga dramu amalize wimbo kwanza, ndipo aamkie. Kwani heshima inaoza kwa dakika tano?

"Dada, yule ni baba mkwe wangu," akasema. "Nimpigie dramu usoni?"

Baba alikuwa amefuata jembe, akatusikia tukibishana. Alichukua kigoda chake akakaa nje ya mlango, na tangu siku hiyo kila mzee aliishia kwake. Walipewa chai na benchi. Wimbo ukiisha, mpiga dramu alitoka akawaamkia wote kwa mpigo, akarudi kazini.

Kila nilipouliza habari za shamba, Baba alijibu kwamba mahindi bado mabichi. Tulimaliza nyimbo tisa. Albamu ile ndiyo iliyonifanya prodyuza. Mwaka uliofuata kwaya mbili zilikuja kurekodi kwangu, kisha bendi kutoka Babati.

Juzi tu, tukichambua maharage, Mama alinieleza kwamba tulipokuwa kwenye wimbo wa tatu, mahindi ya Dirma yalikuwa yameshavunwa, na Baba alikuwa ameyahifadhi nyumbani kwa rafiki yake mfugaji.