Daftari la Kifua cha Ami

Nakumbuka asubuhi moja hapa Matrah, Omani, mwanangu, daktari alipomimina vidonge vya ami yangu kiganjani akavihesabu kimoja kimoja, na mimi nikatamani ardhi ipasuke nizame.

Tulikuwa hatujatimiza miaka miwili tangu tutoke Unguja. Ami Seif, ndugu yake baba, ndiye aliyetupokea. Moyo wake ulikuwa mgonjwa: akipanda kilima cha nyumbani, kifua kinambana mpaka anashika ukuta. Daktari alimpa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kila kikimbana, na dawa mpya ya kumeza kila siku, ya kutanua mishipa ya moyo. Hakuficha kitu. "Hii bado inajaribiwa," alisema. "Wako waliopewa vidonge vitupu, visivyo dawa, nao wakasema wamepata nafuu. Basi sitaki sifa, nataka hesabu."

Akatoa daftari. Kila siku liandikwe: kifua kimebana mara ngapi, na vidonge vya ulimi vimekwenda vingapi. Kazi nikapewa mimi msomi wa sekondari. Tena ilinifaa, kazi ya kukaa; kutumwa sokoni tu kulikuwa kunanitia homa.

Kila magharibi nauliza, mgongo sijauondoa kwenye mto, "Ami, kifua leo?"

"Alhamdulillah, binti yangu. Na wewe, huo mto haujakuchoka?"

Nacheka, naandika sifuri.

Kwetu mkubwa akiulizwa hali hashtaki. Atamshukuru Mungu hata roho ikiwa kooni. Hilo nnalijua tangu utotoni, na bado nikaliandika kuwa ndiyo hesabu. Mwezi mzima wa sifuri, kwa hati nzuri kabisa!

Daktari alilisoma akafurahi, akamruhusu ami kupanda na kushuka kilima kwenda msikitini. Siku ya tatu majirani wakamrudisha wamembeba, midomo imebadilika rangi.

Ndipo daktari alipokuja akaiomba ile chupa ya vidonge vya ulimi. Vilibaki sita, na chupa aliitoa imejaa.

"Daftari linasema hakutumia hata kimoja," akanitazama. "Nani kavila?"

Ami akasema kwa sauti ya kukatika, "Usimgombeze, daktari. Mimi ndiye nilomficha."

Hakunificha, mwanangu. Alinijibu kwa adabu. Mimi ndiye ambaye sikuuona mkono wake ukienda mfukoni.

Ami aliishi, lakini kilima hakukipanda tena. Tukamhamishia chumba cha bondeni, adhana akiisikia kitandani. Na dawa ile mpya, sijui mpaka leo kama ilimsaidia. Daktari naye hakujua, kwa sababu ya sifuri zangu.

Basi ukimuuguza mkubwa, iitikie alhamdulillah yake, kisha nyanyuka. Mtazame anavyopumua, angalia chupa, umuulize tena. Andika ulichokiona, usiandike kinachokupumzisha.

Mwenyezi Mungu akujaalie moyo wenye afya, na siku utakapougua akupe mtu atakayeuacha mto wake kwa ajili yako. Amin.