Sahihi Niliyokataa Kuweka

Jirani yangu alibisha hodi Jumamosi asubuhi, ndiyo kwanza navua viatu. Nilikuwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya kulea wazee, ambako nafua na kupiga pasi nguo. Mkononi alikuwa na karatasi zilizobanwa kwenye ubao, na kalamu imefungwa kwa uzi.

"Weka sahihi hapa, binti," alisema. "Nyumba ile ya kona wanataka kuweka wanaume waomba hifadhi. Ishirini! Mtaa mdogo kama huu."

Nikasoma. Majina yalikuwa yameshafika ukurasa wa pili.

"Jina lako ndilo nataka zaidi," akaongeza. "Wakiona mkimbizi mwenyewe amekataa, nani atasema sisi watu wabaya?"

Mama huyu hakuwa jirani tu. Alizaliwa Jinja, katika familia ya Wahindi wenye duka la vitambaa, akafukuzwa Uganda pamoja na wenzake angali msichana. Nilipofika mtaa huu wa Lozells, huku kwa Waingereza, kutoka Kivu, na watoto wawili na begi moja, yeye ndiye mtu wa kwanza mtaani kunisemesha kwa lugha niliyoielewa. Alisimama mlangoni na sufuria ya dengu, akaniambia, "Karibu. Baridi ya hapa kali, lakini hapana ua mtu." Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, ila wiki ile nilikisikia kama cha mama yangu mzazi. Watoto wangu walikua wakimwita bibi.

Ningependa kusema kwamba nilizipima hoja zake kwanza. Sikuzipima. Jibu lilitoka lenyewe.

"Mama, siweki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hao ni mimi."

"Wewe si kama hao! Wewe ulikuja na watoto. Unafanya kazi."

"Siku uliyoniletea dengu sikuwa na kazi."

Akauchukua ubao wake, akashuka ngazi polepole, akishika ukuta. Sikumsaidia.

Jumatatu nikachapisha karatasi yangu ya kuiunga mkono nyumba ile, nikaanza kugonga milango kila nikitoka kazini. Mvua ilininyeshea, mbwa walinibwekea, na mzee mmoja alinifungia mlango kabla sijamaliza salamu. Kilichoniuma zaidi ni kaka mmoja wa kanisani kwetu, Mkongo mwenzangu, ambaye tulifika hapa karibu mwaka uleule.

"Dada, miye nilisha tia sahihi kwa yule mama," alisema. "Siye tulingoja miaka. Hawa wanaingia tu na maboti."

Nilirudi nyumbani na hasira. Usiku ule nilipata nguvu ambayo sikuwa nayo hata siku ninazolala vizuri. Nimejifunza kwamba mtu akishaamini jambo ni haki, hachoki upesi. Lakini kuna kitu kingine kinachokuja pamoja na nguvu hiyo. Sikutaka tena chakula cha jirani. Alipomtuma mtu na sahani ya chapati, niliirudisha ikiwa imefunikwa vilevile. Na Jumapili, baada ya ibada, niliwaambia akina mama kwamba yule mama anawachukia Waafrika, kwamba amesema turudishwe wote tulikotoka.

Binti yangu, ambaye sasa yuko chuoni, alinisikia. Ndani ya basi akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama kweli bibi alisema hivyo.

"Alimaanisha hivyo," nilisema.

Akauliza tena: alisema, au hakusema?

"Hakusema," nikamjibu.

Nilijiona dhahiri: nilikuwa natetea watu wasisingiziwe, huku namsingizia mtu aliyenipokea. Sikubadili msimamo. Niliamua tu kwamba nitaupigania bila kusema uongo, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, diwani akiwa mezani mbele. Jirani yangu alizungumza mapema. Alikunja mkono wa sweta, akawaonyesha watu kifundo cha mkono kilichounga vibaya.

"Nyumba ileile," alisema kwa Kiingereza. "Zamani mwenye nyumba aliijaza wapangaji, hakuna msimamizi, taa ya njia imekufa. Mmoja akanisukuma, akachukua mkoba wangu. Niliandika barua, hakuna aliyenijibu. Leo mnaniambia nisiogope. Nani ameniuliza kwanza?"

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali siku ile. Kwa wiki sita nilimwosha na kumsuka nywele. Tangu aniletee ubao wake, mkono ule haukunijia akilini hata mara moja. Nilikuwa nimeshaamua yeye ni mtu wa namna gani, na mkono uliovunjika haukuwa na nafasi humo.

Zamu yangu ilipofika, nilisimama.

"Alichosema mama huyu ni kweli," nilianza. "Mkono wake niliufunga kitambaa mimi mwenyewe."

Wenzangu tuliokusanya nao sahihi waligeuka. Mmoja akapaza sauti, "Uko upande gani?"

"Niko upande uleule," nilisema. "Nyumba ifunguliwe. Mimi nililala kwenye nyumba kama hiyo, na sikumpora mtu. Lakini iwe na msimamizi usiku na mchana, na taa iwashwe, na barua za huyu mama zijibiwe. Kumhurumia yeye hakunizuii kuwapokea wao."

Watu wachache walipiga makofi. Wa upande wangu wawili hawakunisalimu tulipotoka, na mmoja wao hanisalimu hadi leo.

Halmashauri iliruhusu nyumba, kwa watu kumi na wawili badala ya ishirini, na msimamizi. Taa ilichukua miezi minne zaidi.

Wiki ya uamuzi ule nilikwenda kwa jirani mikono mitupu. Nilimwambia nilichosema kanisani, neno kwa neno, na kwamba nilikitunga.

"Nilishasikia," alisema. "Nililia."

"Nisamehe, mama."

Akavuta kiti.

"Kwa maneno yale nimekusamehe. Kwa nyumba ile, bado naona umekosea. Pipa moja la taka pale likimwagika, naandika barua."

"Andika. Na mimi bado naona wewe ndiye uliyekosea."

"Basi tumejuana," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Hatujakubaliana hata sasa. Yule kaka wa kanisani nilimfuata pia, maana uongo ule ulikuwa umemfikia, nikawarudia akina mama wale mmoja mmoja kuwaambia ukweli, na wengine walinicheka. Kila Alhamisi, nikitoka kazini, naenda nyumba ya kona kuwatafsiria wale wanaojua Kiswahili na Kifaransa. Wiki hii kuna kijana wa Uvira anayeumwa jino, na zahanati imeshatukataa mara mbili. Kesho tunarudi.