Chombo Kilichonisuta Mbele ya Mama

Mama yangu bahari aliijua mpaka magotini. Alizaliwa Makunduchi, akalima mwani mpaka alipoolewa mjini, na kwa maoni yake maji yanayopita goti hayamhusu binadamu. Ndiyo maana nilipoacha duka letu la vitambaa pale Mlandege, nikanunua boti ya faiba ya kutembezea wageni, alininunia kweli kweli. Wageni walinisifu kila nikirudi. Mama hata gatini hakufika.

Basi mpwa wake alipoposwa, na harusi ikawa huko huko Makunduchi, nikaona hapa ndipo pa kumkamatia. Nilimkuta sebuleni na mashoga zake wanapanga safari, nikasema, "Mama, mzigo wote huu na watu wote nyinyi, mie nawapeleka kwa boti."

Mashoga wakapiga vigelegele. Mama akanitazama kwanza, kisha akawatazama wao.

"Haya, ntapanda. Lakini pakitokea kitu, kitu chochote, hiyo boti uiuze urudi dukani. Na hawa ndio mashahidi."

"Nshakubali," nikasema, maana mimi nikichokozwa sijui kunyamaza. Nilipotoka nje ndipo nilipoogopa. Kazi niliyokuwa naipenda kuliko zote nilikuwa nimeiweka rehani kwa neno moja.

Boti yangu ina otopailoti, yaani mtambo unaoshika usukani wenyewe. Unauonyesha njia kwenye skrini, unaondoa mikono, nao unafuata njia hiyo kwa dira yake ya umeme. Na ni msemaji, mtambo ule! Betri ikichoka, unatoa mlio mfupi mfupi wa kinyonge. Maji yakiwa haba chini ya boti, unalia haraka haraka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Boti ikitoka njiani, unalia mlio mrefu usiokatika. Halafu uko mlio mmoja mpole unaokuja kila baada ya muda, hauna ubaya wowote: unauliza tu kama nahodha yupo na yuko macho. Ukibonyeza kitufe, unaridhika. Milio hiyo nilijifunza mpaka nikawa naitambua hata nikiwa nimeipa mgongo, kama mtu anavyozitambua sauti za nyumbani kwake.

Siku ya safari walikuja wote na kanga za sare, manukato yanatangulia. Nilitoa amri moja: mizigo yote ikae mbele, kwenye omo. Mama akachagua benchi la katikati, akalishika kwa mikono miwili, tasbihi imening'inia kwenye kidole. Bandarini niliendesha kwa mkono mpaka tukatoka kwenye msongamano wa vyombo, ndipo nikauachia mtambo.

Mlio mpole ukaja. Mama akaruka.

"Kinalia nini?"

"Kinauliza kama nipo, mama."

"Kwani hakikuoni?"

Mashoga walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikaona safari imeanza vizuri.

Tulipoipita Fumba, ukaja ule mrefu. Nikatazama skrini: tunapaswa kwenda sambamba na pwani, na boti inajivuta kidogo kidogo kuelekea bahari kuu. Nikaunyamazisha. Ukalia tena.

"Kinakusuta hicho," akasema mama.

Asiyekulia kwetu huenda hajui uzito wa neno hilo. Mwanamke akisutwa, wenziwe humwendea mlangoni na ngoma na nyimbo, wakamweleza makosa yake huku mtaa mzima unasikiliza. Na mashoga wa mama walikuwa na midomo na viganja. Mmoja akaanzisha wimbo wa kunisuta papo hapo, wenzake wakaitikia, na mtambo ukawapigia zumari. Nilikasirika, nikatamani kucheka, na chini ya yote hayo nilikuwa naliona duka la Mlandege limenifungulia milango.

Nikashika usukani mwenyewe. Kwanza nilishuku mkondo wa maji, kisha nikashuku kuwa mwani umenasa kwenye usukani kule chini. Lakini mkononi mwangu boti ilikwenda sawa sawa, haikuvuta popote. Nikaitazama dira ndogo ya kawaida, ile ya sindano, iliyo mbele yangu, nikailinganisha na dira ya mtambo kwenye skrini. Kila moja na lake! Hapo nikaelewa. Mtambo ulikuwa mzima, njia ilikuwa sahihi, ila dira yake ilikuwa imepotoshwa, na dira hupotoshwa na chuma au sumaku iliyowekwa karibu nayo. Yenyewe imefungwa ndani ya sanduku la benchi la katikati. Sanduku hilo huliacha tupu kwa makusudi.

"Mama, hebu nyanyuka kidogo."

"Nnyanyuke nende wapi?"

"Humo ndani mna nini?"

Akatazama baharini, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa hataki kuitazama bahari.

"Mna spika," akasema taratibu. "Nlichelea isirowe."

Spika ya rusharoho, ile taarabu ya kuchezea harusini! Kubwa, na sumaku yake nzito, imeviringishwa kanga kama mtoto mchanga. Alisubiri nigeuke kufungua kamba, akaichomeka, akaikalia. Shoga yake mmoja akapiga kofi: "Kumbe anayesutwa ni wewe, Bi Mkubwa!" Mama akajifunika uso kwa ukaya wa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Miaka mingapi sijamwona mama akicheka namna ile, sijui.

Tukaihamishia spika kwenye omo, dira mbili zikakubaliana, mtambo ukanyamaza na kurudi njiani. Mama akaja kusimama ubavuni kwangu.

"Ulijuaje kuwa ule ni mlio wa njia, si wa betri?"

Nikamweleza mmoja mmoja, naye akanisikiliza kwa makini kama anavyomsikiliza mteja anayejua kitambaa. Lakini karibu na Makunduchi shoga yake akakumbusha: "Kitu si kimetokea lakini? Na mlikubaliana." Mama akainama kuifunga kanga ya spika yake. Nilikula pilau ya harusi huku nawaza duka la Mlandege, ingawa spika ilirindima na mama alicheza kuliko bibi harusi.

Siku ya kurudi, maji yalikuwa yamejaa. Mama alikunja kanga akayaingia, yakampita magoti, akapanda boti bila kushikwa mkono. Akakaa kwenye omo na spika yake. Tulipokwisha kutoka, shoga yake yule yule akarudia: "Haya, na habari ya duka?"

Kabla mama hajafungua mdomo, mtambo ukatoa ule mlio mpole. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe, lakini kule mbele mama alishaitikia kwa sauti ya juu:

"Naam! Yupo, na yuko macho!"

Kisha akamgeukia shoga yake. "Nambie, unamjua mtu wa kunisaidia dukani? Mwanangu ana kazi."