Kabuti la Babu Wanyonyi

Harufu ya dawa ya nondo bado hunisisimua mwili. Nikikutana nayo dukani hapa Kitale, hapo hapo narudi Kimilili, kwenye boma la nyanya yangu, msimu wa kuvuna mahindi. Kukhu, kama tulivyomwita nyanya kwa Kibukusu, alikuwa na kabuti zito la jeshi, na kila mwaka siku ya kuwakumbuka askari wa vita vya Wazungu ilipokaribia, alilitoa sandukuni akalianika kwenye kamba mbele ya nyumba, uso wake ukielekea njiani. Nasema uso kwa sababu ndivyo tulivyoliona. Mabega yake yalijaa, mikono ilining'inia, na hata siku isiyo na upepo lilijigeuza polepole kama mtu aliyesikia akiitwa. Mbwa wa pale, jeuri aliyebwekea hata mafahali, hakupita chini yake. Nasi watoto wa Kibomet, mtaa wa Kitale, tuliojiona watu wa mjini, tulizungukia nyuma ya jikoni ili tusiliguse.

Lilikuwa la mumewe, babu Wanyonyi. Alichukuliwa ujanani kwenda vitani, akarudi likizo mara moja, akaliacha kwa sababu huko Burma alikotumwa, alisema, kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Vita vikaisha kwa ushindi. Wenzake wakarudi na nishani na hadithi ndefu, yeye hakuonekana, wala hakuna aliyesema alimwona akianguka. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake, naye apate pa kulala. Kukhu alikataa katakata. "Mimi siziki mtu mwenye bado anakuja," alisema, na miaka ikapita akiwa na msemo huo huo. Senge Nasimiyu, yaani shangazi kwa Kibukusu, dada ya babu, aliamini kwamba kaka yake anazurura mvuani bila nyumba, na kwa jambo hilo wazee hao wawili waliopendana sana hawakuelewana hata chembe. Jioni Kukhu aliuegesha mlango bila kutia komeo. Asubuhi nyingine tuliukuta wazi kabisa, naye akaendelea kukoroga uji wake, akasema tu, "Alichungulia."

Mwaka ninaousimulia, mama alikuja kujifungulia hapo. Alizaliwa mvulana, na tangu siku ya pili alilia. Sisemi alilialia kama watoto wengine. Alilia kilio kimoja kirefu, akakataa titi, mashavu yakaanza kubonyea. Zahanati walimpima wasione kitu. Mama, mwimba kwaya hodari, akasema tuombe. Tukaomba, na mtoto akatupita sauti hadi amina. Ndipo wanawake wakakaa kumtafutia jina kwa njia ya zamani: huitwa majina ya wafu wa ukoo, moja moja, na mwenye kumtaka mtoto akitajwa, mtoto hunyamaza. Wakaita mababu, wakaita wajomba, wakaita hata mzee mmoja mlevi ambaye hakuna aliyetaka arithiwe. Kilio kikaendelea. Kisha Senge akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Wanyonyi."

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio. Akafumbua macho, akatazama mlangoni, nasi sote tukageuka kutazama. Hapakuwa na mtu, ila kabuti kwenye kamba.

"Ni tumbo tu," Kukhu alisema. "Limetulia."

"Ati tumbo! Si ameitika?" Senge alimjibu. "Huyu mtu amechoka kusimama nje, bana."

"Hilo jina mkiita tena kwangu, mtatafuta pengine pa kulala."

Mtoto akaanza upya. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa, na nilipata hofu ya kweli. Kukhu akilikubali jina lile, mumewe amekufa. Akilikataa, ndugu yangu atakauka mikononi mwetu. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja, wahenga walisema, ila hawakusema mtu ajikinge vipi.

Siku ya kuwakumbuka askari ilipofika tulikwenda Bungoma mjini, Kukhu akiwa amembeba mtoto mwenyewe. Askari wazee walikuwa wamejipanga, nishani zikigonganagongana vifuani, na mmoja wao akasoma majina ya wasiorudi. Baada ya kila jina watu walikaa kimya kidogo. Jina la babu tu ndilo halikupewa kimya, kwa kuwa kila mwaka likitajwa Kukhu alijibu kwa nguvu, "Bado anakuja!" Wazee walikuwa wamezoea, wengine walitabasamu mapema. Mtoto alilia majina yote, mpaka niliona aibu. Mzee akafikia, "Wanyonyi."

Kilio kikakatika. Msomaji akainua kichwa kumtazama Kukhu, akisubiri jibu lake. Kukhu alifungua mdomo, akamtazama mtoto aliyetulia kifuani pake, akaufunga. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, jambo ambalo hakulifanya mbele za watu maishani mwake, akasema, "Endelea na wengine, afande."

Wiki ile tulizika shina la mgomba likiwa limevishwa kabuti. Vijana walioling'oa asubuhi kwa mzaha walilibeba kutoka nyumbani hadi kaburini, na njiani waliomba kupumzika, jasho likiwatoka. Hakuna aliyecheka. Ndugu yangu Wanyonyi alinyonya, akalala. Usiku huo Kukhu alitia komeo, nami nilimsikia akilia nyuma ya mlango ule.

Leo askari wale wazee wamekwisha karibu wote, na watoto wangu huitazama siku hiyo kwenye simu wakila chapati. Mimi nilidhani mambo yale yalizikwa na mgomba. Lakini Wanyonyi wetu alikua, akaingia jeshini, akavushwa mpaka, na sasa ni muda simu yake haishiki. Mama, mwimba kwaya yule yule, hapa Kibomet ameanika koti la mwanawe uani, likielekea barabarani, nalo linanukia dawa ya nondo. Nami nimejifungua juzi. Mtoto wangu analia kilio kimoja kirefu. Jana wanawake walikuja wakakaa, wakaita wafu wa kwa mume wangu, wakamaliza, wakaita wa kwetu, wakamtaja hata Kukhu. Hakunyamaza. Binamu yangu akashusha sauti, akaanza, "Harafu kuna..." Mama akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mwacheni alie," alisema. "Akilia ni sawa."

Wote wakaondoka pale, ila mimi. Nimemkumbatia mwanangu, koo limemkauka, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mama naomba mtoto asinyamaze.