Mpaka Kamba Iishe

Mwalimu Zuleha alipelekwa semina Bagamoyo mjini kujifunza namna ya kuwafundisha watoto wadogo kufikiri hatua kwa hatua, kama kompyuta inavyoagizwa. Akarudi kijijini Mlingotini na kadi zenye picha za roboti ikipita kwenye theluji. Watoto wa darasa la kwanza walizitazama kwa adabu, wakapiga miayo.

Kesho yake akaja na kamba na fungu la mwani. Kilimo cha mwani ndicho kilichomlea. Utotoni, maji yalipokupwa alimfuata mama yake, marehemu Bi Riziki, wakafunga mwani kwenye kamba mpaka viuno vikafa ganzi, mama akiimba. Siku hizi bahari ina joto, mwani hufa, na kinamama wengi wameacha.

"Leo mimi sijui kitu," akawaambia watoto. "Nitafanya mnachoniagiza tu."

"Pima shubiri moja!" wakasema. "Funga mwani! Rudia!"

Akarudia. Kamba ilipokwisha, akaendelea kufunga kwenye mguu wa kiti, kisha kwenye pindo la khanga yake. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, basi!"

"Hamkuniambia niishie wapi."

Shani, binti wa miaka sita, akafikiri kidogo. "Rudia mpaka kamba iishe."

Zuleha akaacha kufunga, akamtazama. Ndivyo mama yake alivyokuwa akimjibu kila alipouliza watarudi nyumbani saa ngapi.

"Nimekosea, mwalimu?"

"Hujakosea, mama," akasema kwa sauti ndogo, akampa Shani ile kamba awaagize wenzake.